Theluji ya Kibo na Neno la Shahidi: Jinsi Wasomi wa London Walivyoipima Habari ya Johannes Rebmann

Utangulizi

Mtu aliyelelewa Machame, Kilema au Marangu hahitaji kuthibitishiwa kwamba juu ya Kibo kuna theluji. Ameiona tangu utoto wake, kila mawingu yanapofunguka. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1849 na kwa muda wa zaidi ya miaka 10, jambo hilo lilibishaniwa na wataalamu wa jiografia katika mji wa London, watu ambao hawakupata kuuona mlima wenyewe. Habari iliwafikia kutoka kwa mmisionari mmoja, naye alikuwa ameona kwa macho yake. Wengine walimsadiki, wengine wakasema kwamba amekosea, na mmoja wao alishikilia kukana kwake hata baada ya mashahidi wengine kuthibitisha.

Katika makala hii tunakusudia kuichunguza habari hiyo kwa sababu moja maalum. Hatutaki kurudia tu masimulizi ya safari za wamisionari wa kwanza, ambayo wasomaji wetu wengi wanayajua. Tunataka kuuliza: Waingereza wasomi wa wakati ule walikuwa na desturi gani ya kueleza kwamba neno fulani ni kweli, au ni karibu na kweli, au lina mashaka? Desturi hiyo iliwasaidia wapi, na iliwapoteza wapi? Swali hili linatuhusu sisi tulioitwa kuwa mashahidi, ambao kila Jumapili tunasimama mbele ya watu na kusema kwamba jambo fulani limetokea.

1. Desturi ya kupima maneno

Lugha ya Kiingereza ina hazina kubwa ya maneno ya kupunguza au kuongeza uzito wa usemi. Msomi wa Kiingereza hapendi kusema tu kwamba jambo liko. Husema limeripotiwa, au linadaiwa, au linaelekea kuwa hivyo, au ni kweli kwa kadiri ijulikanavyo. Mtu asiyeizoea lugha hiyo anaweza kudhani kwamba msemaji anakwepa. Lakini desturi hii ina mizizi yake. Mzizi mmoja ni mahakama, ambamo shahidi huulizwa kama aliona mwenyewe au alisikia kwa mwingine. Mzizi wa pili ni sayansi. Chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London mwaka 1660, yaani Royal Society, kilichagua wito wa Kilatini wenye maana ya kutokubali jambo kwa sababu tu fulani amelisema.

Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu chenye tarehe ya mwaka 1690, aliipanga desturi hii kwa utaratibu. Alifundisha kwamba kuna daraja za kusadiki, toka uhakika mpaka shaka, na kwamba anayepokea ushuhuda wa mwenzake azingatie mambo sita: idadi ya mashahidi, uaminifu wao, ujuzi wao, kusudi la mwandishi ikiwa ushuhuda umetoka kitabuni, kupatana kwa sehemu za masimulizi, na ushuhuda wa kupinga, kama upo.

Katika sura hiyo hiyo Locke alitoa mfano ambao msomaji wa Kilimanjaro hawezi kuupita bila kutabasamu. Alisimulia habari za mfalme wa Siam na balozi wa Uholanzi. Balozi alimwambia mfalme kwamba katika nchi yake, wakati wa baridi, maji huwa magumu kiasi kwamba watu hutembea juu yake, na kwamba hata tembo angeweza kubebwa nayo. Mfalme alikuwa amesadiki mambo mengine yote ya balozi, lakini hapo alimwambia kwamba sasa ana hakika anadanganya. Baadaye Mskoti David Hume, katika insha yake juu ya miujiza ambayo wanafunzi wa theolojia huijua, alitumia mfano wa namna hiyo hiyo, akasema kwamba mkuu wa nchi ya joto aliyekataa kusadiki habari za barafu alifikiri sawasawa kwa kadiri ya aliyoyajua.

Basi, katika vitabu vya falsafa vya Kiingereza, mtu wa nchi ya joto asiyesadiki barafu alikuwa mfano wa siku zote. Mwaka 1849 mfano huo uligeuka. Safari hii habari ya theluji ilitoka katika nchi ya joto, na aliyeketi katika kiti cha mfalme wa Siam alikuwa msomi wa London.

2. Aliyoyaona Rebmann

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Württemberg, mwaka 1820, akalelewa katika Ulutheri wa uamsho wa nchi ile, akasomea Basel, kisha akatumwa na chama cha Kianglikana cha Church Missionary Society. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia Johann Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amefika huko mwaka 1844 na katika mwaka huo huo kumzika mkewe na mtoto wao mchanga. Wote wawili walijenga kituo cha Rabai.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kuelekea nchi ya Wachagga, pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei, walipokuwa wakiikaribia milima, aliona kitu cheupe juu ya mlima mmoja. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu hicho, akakiita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alielewa mara moja. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba siku ile, akipumzika chini ya mti, zamu ya usomaji wake wa Biblia ilikuwa Zaburi ya 111, inayohusu matendo makuu ya Bwana.

Hebu tulitazame neno la Bwana Kheri. Hakusema kwamba ni fedha, ingawa wengine walidhani hivyo. Hakusema kwamba ni pepo, ingawa hofu ya pepo ilikuwako. Alitaja lile alilolijua, yaani kwamba kule juu kuna baridi, akanyamaza. Kwa kipimo chochote cha usahihi wa maneno, hilo ni jibu la shahidi mwema.

Rebmann alifika Kilema kwa Mangi Masaki. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alikwenda tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, na mwaka 1849 alikwenda mara ya tatu. Katika maelezo yake alitofautisha vilele viwili: cha mashariki kilicho chini zaidi na chenye ncha, na cha magharibi kilicho kirefu na chenye umbo la kuba, kilichofunikwa kwa weupe. Yeyote anayezijua Mawenzi na Kibo ataona kwamba mtu huyu alitazama vizuri.

Safari hizi zilianza kuchapishwa katika jarida la chama chake mwezi Mei 1849. Mwisho wa mwaka huo Krapf naye, akiwa safarini kwenda Ukambani, aliuona mlima wa Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima Kenya kutoka Kitui.

3. Hukumu ya London

Mpinzani mkubwa alikuwa William Desborough Cooley, mzaliwa wa Ireland aliyeishi London, mtu wa vitabu vingi na ujuzi wa kweli wa maandiko ya Kiarabu na ya Kireno kuhusu Afrika. Mwaka 1852 alitoa kitabu juu ya Afrika ya ndani, na humo akaishambulia habari ya theluji. Alidai kwamba Rebmann alikuwa na macho mafupi, asiyeweza kuona vizuri mambo ya mbali. Alidai kwamba kile alichokiita theluji kilikuwa utambuzi wa akili yake mwenyewe na wala si ushahidi wa macho. Tena alilishika neno moja. Wamisionari walikuwa wameandika kwamba theluji hiyo ni ya daima, naye akauliza ni nani aliyeushuhudia umilele wake. Wengine walikisia kwamba ni mawe meupe yanayong'aa juani.

Tukiwa waangalifu, hatuwezi kusema kwamba maswali yote ya Cooley yalikuwa ya kipuuzi. Rebmann hakupanda mpaka kwenye theluji, wala hakuigusa. Neno "daima" kweli lilipita yale aliyoweza kuyashuhudia katika safari tatu. Kuuliza hali ya macho ya shahidi ni swali la haki, nalo huulizwa katika kila mahakama. Kosa la Cooley halikuwa kuuliza. Kosa lake lilikuwa kwamba kila jibu lilipofika alilipokea kama sababu mpya ya shaka. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken, pamoja na Otto Kersten, alipanda zaidi ya meta 4,000, na theluji ikawaangukia. Mwaka 1864 chama cha jiografia cha London, Royal Geographical Society, kilimpa Decken nishani ya dhahabu. Hata hapo Cooley hakukubali. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alipanda kutoka Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Waswahili walimwita Mandara, akaifikia theluji na kuishika mikononi. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Wakati huo Cooley alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1883.

4. Kipimo cha Locke na hesabu ya mashahidi

Sasa tuvichukue vile vipimo sita vya Waingereza wenyewe, tuvitumie juu ya habari hii.

Kuhusu uaminifu, Rebmann alisimulia mambo yaliyomshushia heshima yeye mwenyewe. Katika safari ya tatu alinyang'anywa bidhaa zake huko Machame, akarudi mgonjwa bila kufikia aliyoyakusudia, naye hakuficha. Kuhusu ujuzi, alikuwa mtu wa Württemberg, aliyeijua theluji tangu utoto. Kuhusu kusudi, hakuwa na faida yoyote katika theluji, kwa sababu hakutumwa kutafuta milima. Kuhusu kupatana, alieleza umbo la vilele, mito inayotiririka kutoka mlimani na baridi ya nchi ya juu, na mambo hayo yote yanapatana. Kuhusu ushuhuda wa kupinga, haukuwako hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyefika mahali pale akarudi na kusema kwamba hakuna theluji.

Inabaki idadi ya mashahidi, na hapa ndipo tunapoliona jambo lenyewe. London walihesabu shahidi mmoja, Rebmann, na baadaye wa pili, Krapf. Lakini maandishi ya wamisionari hao yalikuwa na mashahidi wengine. Wachagga walikuwa na jina la ile sehemu nyeupe, Kibo, na wamisionari waliandika kwamba maana yake ni theluji. Rebmann alipojibu wapinzani wake, alieleza kwamba wenyeji walijua kuwa kile kitu kinachofanana na fedha, kikiteremshwa chini chomboni, huwa maji matupu, na kwamba waliopanda juu wengine walikufa kwa baridi, wengine wakarudi na viungo vilivyoharibika. Imeandikwa pia kwamba Mangi Rungua wa Machame, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu kwenda kuchunguza weupe ule. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi.

Tutafakari. Mfalme wa Machame alituma wachunguzi mlimani kabla chama chochote cha jiografia hakijatuma mtu. Sabaya aliubeba ushahidi katika mwili wake mwenyewe. Bwana Kheri alisema baridi. Watu wa Kilema, Machame na Moshi walikunywa maji ya mlima ule na kujua yatokako. Hao wote hawakuingizwa katika hesabu. Ubishi ukafanywa kana kwamba suala ni macho ya Mzungu mmoja tu, kama yalikuwa mazima au mafupi. Hivyo Waingereza hawakukosa kanuni, maana kanuni yao ilikuwa njema. Walikosea katika kuamua nani aitwe shahidi. Mahali penye umati wa mashahidi waliona mmoja, wakamhukumu kwa upweke wake.

Haki inatudai tuseme kwamba wamisionari wenyewe hawakuwa huru na kosa hili. Waliyaandika maneno ya wenyeji, lakini mara nyingi waliyaeleza kama ujinga uliohitaji kufasiriwa. Hofu ya waliopanda iliandikwa kuwa ushirikina, na ujuzi wao ukawekwa kando. Hata hivyo waliandika, na kwa sababu waliandika, sisi leo tunajua kwamba Sabaya aliishi.

5. Mahali ambapo shaka ilikuwa halali

Ili tusije tukadhani kwamba kusadiki ni bora siku zote kuliko kutilia shaka, ni lazima tukumbuke habari nyingine ya watu hao hao. Huko pwani, Jakob Erhardt na Rebmann walikusanya masimulizi ya wafanya biashara wa misafara kuhusu maji makubwa ya bara. Watu waliotoka njia mbalimbali walitaja ziwa. Wamisionari waliyaunganisha masimulizi, wakachora ramani yenye bahari moja kubwa mno iliyopinda kama konokono asiye na kombe, na mwaka 1856 ramani hiyo ilijadiliwa sana katika London. Ilichangia kutumwa kwa Burton na Speke katika safari iliyoanza mwaka 1857. Kumbe maziwa yalikuwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa.

Mashahidi hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli juu ya ziwa lake. Kosa lilikuwa la waandishi, ambao hawakutofautisha kati ya yale waliyoambiwa na yale waliyoyahitimisha wenyewe. Na ajabu ni kwamba Cooley naye alikuwa na bahari yake. Tangu mwaka 1845 alikuwa ameshikilia kwamba Tanganyika na Nyasa ni ziwa moja refu, akitegemea vitabu na maneno ya Mswahili mmoja aliyefika London, Khamis bin Othman. Mtu yule aliyemkatalia Rebmann theluji aliyoiona alisadiki ziwa ambalo yeye hakuliona. Tunajifunza kwamba mtu anaweza kuwa na shaka kali juu ya maneno ya wengine, na asiwe na shaka hata kidogo juu ya hitimisho lake mwenyewe.

6. Maana yake kwa huduma yetu

Kiswahili nacho kina maneno yake ya kupima usemi. Tunasema hakika, yamkini, huenda, takriban, inasemekana. Tunalo na neno "eti", ambalo kwa herufi tatu tu laweza kuuangusha ushuhuda wa mtu mbele ya watu kabla hajamaliza kusema. Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini mwanahistoria wa Kanisa hawezi kuishi kwa methali hiyo peke yake. Imempasa kuuliza lisemwalo limesemwa na nani.

Maandiko Matakatifu yanatupa kielelezo. Luka, katika mlango wa kwanza, aya ya 1 hadi ya 4, anatofautisha waziwazi kati ya walioona tangu mwanzo, waliopokea kwao, na yeye mwenyewe aliyechunguza na kupanga. Torati katika Kumbukumbu 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu, na hivyo inamlazimu mwamuzi kuwatafuta. Naye Nathanaeli, katika Yohana 1, alitilia shaka habari ya Nazareti kwa maneno makali kuliko ya Cooley. Filipo hakubishana naye, alimwalika aje aone, naye akaenda. Shaka ya Nathanaeli ilikuwa na miguu. Shaka ya Cooley ilibaki maktabani.

Jambo hili si la zamani tu. Kanisa la Kilutheri hapa mlimani lilianza mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika Machame, baada ya wenzao wa Church Missionary Society kukaa Moshi tangu 1885 mpaka 1892. Sharika nyingi zimekwisha kupita miaka 100, na historia zao zinaandikwa kwa ajili ya sherehe za jubilei. Mara nyingi historia hizo zina majina ya wamisionari na tarehe zao, kwa sababu hayo yalikuwa yameandikwa. Wainjilisti na waalimu wenyeji, akina mama waliobeba mawe ya kujengea, na wazee walioutoa uwanja, hutajwa kwa neno moja la jumla, "wenyeji". Ni hesabu ile ile ya London, ila sasa tunaihesabu sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunawashauri wachungaji na wanafunzi wanaokusanya habari za sharika washike utaratibu ulio rahisi. Waandike waliyoyaona wao. Waandike waliyoyasikia, pamoja na jina la aliyesema, na kama aliona au alisimuliwa. Waandike mawazo yao mahali pake, wakisema kwamba ni mawazo yao. Na mzee akitoa jibu fupi, kama lile la Bwana Kheri, wasilitafsiri haraka, waliandike kama alivyolisema. Utaratibu huo huo unafaa mimbarani, hasa tunaposimulia uponyaji na matukio ya ajabu. Bwana wetu alipoagiza kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37), hakutukataza kusema "sijui".

Hitimisho

Liko neno moja la Cooley ambalo wakati umelirudisha. Aliuliza ni nani aliyeushuhudia umilele wa theluji ya Kibo. Leo tunajua kwamba hayuko. Mwaka 1912 barafu ya mlimani ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba barafu hiyo huenda ikatoweka kabisa ifikapo mwaka 2050. Theluji ilikuwako kama Rebmann alivyosema, lakini haikuwa ya daima.

Kwa hiyo inawezekana kwamba katika wakati wa wajukuu wetu mtoto wa Machame atatazama juu, aone mwamba mtupu, na asikie kwamba zamani kulikuwa na kitu cheupe pale. Atauliza kama ni kweli. Hapo ushuhuda utakaosimama ni ule ulioandikwa kwa uangalifu na watu walioona, wakiwa na majina yao. Sisi ni miongoni mwa wale ambao bado wanaona, na imetupasa kuandika.